Tukio Nanyuki, mshukiwa Uingereza: ishike sheria ya nchi gani?

Machi 2012, mwanamke wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alitoka usiku mjini Nanyuki na akaonekana mara ya mwisho hotelini akiwa na wanajeshi wa Uingereza. Mwezi Juni mwili wake ulipatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo hiyo. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza chanzo cha kifo alihitimisha kwamba aliuawa na mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu ya Kenya Septemba 2025.

Katika miaka hiyo yote hakuna upande ungeweza kusema haukuwa na sheria ya kumfikia mtu aliyeua. Kenya ilikuwa nayo. Uingereza ilikuwa nayo pia, tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: hii kesi ni yangu. Sheria mbili zikiwepo bila kujulikana ipi itangulie, kila mmoja humsubiri mwenzake, na familia ndiyo inayozeeka ikisubiri.

Kwa hiyo naziweka sheria hizi mbili ubavu kwa ubavu, ya mahali tukio lilipotokea na ya kwao aliyelifanya, ili mtu anayelazimika kuchagua ajue kila moja inampa nini na inamnyima nini. Nimetumia mifano ya Kenya na Uingereza kwa sababu ndiyo iliyokwenda mbali zaidi mahakamani, lakini mwanakijiji wa Tarime nchini Tanzania au wa Chingola nchini Zambia atajiona humu.

Jambo moja kwanza, kwa sababu huvuruga watu wengi. Kuuliza "kesi isikilizwe wapi" si sawa na kuuliza "itumike sheria ya wapi". Jaji wa London anaweza kukaa London, amevaa joho lake la London, na akaamua kesi kwa sheria ya Kenya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Damu ikimwagika: kesi ya jinai

Upande wa Kenya. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inafika kila kona ya nchi, na haibagui pasipoti. Aliyeua Nanyuki ameua Kenya. Mashahidi wako hapa: wahudumu wa hoteli, marafiki waliokuwa naye, polisi waliotoa mwili, daktari aliyeupasua. Wanaongea Kiswahili na Kikikuyu, na hakuna haja ya kuwapandisha ndege. Familia inaweza kuketi kortini na kusikia kila neno.

Ugumu wake ni mmoja ila ni mzito: mshukiwa hayupo. Jeshi la Uingereza humaliza mazoezi yake huku, hupanda ndege na kuondoka, na baada ya hapo kila kitu kinategemea Uingereza kukubali kumrudisha. Hapo ndipo adhabu ya kifo inapoingia. Kenya bado inayo kwenye vitabu, ingawa haijamnyonga mtu tangu 1987, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema majaji hawalazimiki tena kuitoa kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Uingereza haimtoi mtu kwenda kukabili kitanzi. Hutaka ahadi ya maandishi kwamba hatanyongwa. Kwa maoni yangu Kenya iitoe ahadi hiyo mapema na bila kinyongo, kwa sababu adhabu ambayo serikali haijaitekeleza kwa takriban miaka 40 haifai kuwa ngao ya mtuhumiwa.

Upande wa Uingereza. Sheria yao ya Makosa dhidi ya Mwili wa Mtu ya 1861, kifungu cha 9, inaruhusu raia wa Uingereza aliyeua nchi yoyote duniani kushtakiwa nyumbani kwao. Kwa wanajeshi kuna zaidi: Sheria ya Majeshi ya 2006, kifungu cha 42, inasema kitendo ambacho kingekuwa kosa la jinai Uingereza ni kosa kwa mwanajeshi popote alipo. Hakuna ombi la kumrudisha mtu, hakuna miaka ya barua kati ya wizara na wizara. Mshukiwa yuko karibu na kituo cha polisi.

Lakini tazama gharama yake. Mashahidi wa Nanyuki watatoa ushahidi kwa video, mkalimani akiwa katikati, mbele ya watu ambao hawajawahi kuona barabara ya Nanyuki wala kujua hoteli inavyokuwa wikendi ya mazoezi ya jeshi. Uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki unafanywa na dola ile ile iliyomvika mshukiwa sare. Siwatuhumu waendesha mashtaka wa kiraia wa London, kwa kuwa wao si jeshi. Ila polisi wa kijeshi ni jeshi, na wanawake wa Samburu na Laikipia waliodai kubakwa na wanajeshi wanakumbuka uchunguzi wa polisi hao uliofungwa mwaka 2006 bila mtu kushtakiwa. Kwa waliolalamika, ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Mikataba ya kukaribisha majeshi ya kigeni hujaribu kugawa haya mapema, na mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza unafuata mtindo uliozoeleka tangu mkataba wa NATO wa 1951. Kosa lililofanywa kazini, au lililomdhuru mwanajeshi mwenzao, lina nchi iliyowatuma kama ya kwanza. Yaliyobaki ni ya nchi mwenyeji. Mgawanyo huu naukubali. Dereva wa lori la jeshi akigonga mtu akiwa kwenye msafara, kuna hoja ya kweli kwamba amri, breki na ratiba vilitoka kwao. Mwanajeshi anayekunywa usiku hotelini hayuko kazini kwa maana yoyote ile. Hatari iko kwenye swali la nani anaamua kwamba mtu alikuwa kazini. Cheti cha mkuu wa kikosi kikichukuliwa kama neno la mwisho, mgawanyo wote unakuwa karatasi tu. Jaji wa nchi mwenyeji ndiye anayepaswa kukipima cheti hicho.

Kwa jinai basi uchaguzi wangu hauna kigugumizi: sheria ya mahali, mahakama ya mahali. Sheria ya kwao mshukiwa ibaki ya akiba, itumike pale tu ambapo haiwezekani kabisa kumrudisha, kwa sababu kesi ya mbali ni bora kuliko mtu kutembea huru.

Akiba hiyo, kwa njia, si kila nchi inayo kwa upana sawa. Tanzania Bara inayo: kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu kinamfuata raia wa Tanzania hata akifanya kosa nje ya nchi. Ya Kenya kwa kawaida huishia mpakani, isipokuwa sheria mahususi kama ile ya Makosa ya Ngono ya 2006 inayomfuata Mkenya ng'ambo. Nchi inayotaka wageni wawajibike kwake inapaswa pia kuwa tayari kuwawajibisha watu wake walioharibu kwa wengine. Kenya ipanue mlango huo.

Fidia: hapa ndipo hesabu inapobadilika

Kwenye madai ya fidia watu wengi huamini London ndiyo jibu, na wana sababu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa au kupoteza jamaa kwa mabomu yaliyoachwa bila kulipuka kwenye viwanja vya mazoezi vya Dol Dol na Archers Post. Wastani ni takriban pauni 20,000 kwa mtu. Juni 2013 serikali hiyo ikatangaza kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau.

Sasa weka kando yake moto wa Lolldaiga. Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, moto uliteketeza maelfu ya ekari za hifadhi hiyo ya Laikipia, na moshi ukawafikia majirani. Kesi ilifunguliwa Kenya, kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwaka 2022 jaji alikataa hoja kwamba jeshi la Uingereza lina kinga, akasema mkataba wa ulinzi umeiondoa kinga hiyo. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kisheria. Kisha mwaka 2025 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723. Gawa mwenyewe: ni kama pauni 375 kwa kila mmoja.

Si haki kulinganisha mguu uliokatwa na bomu na kifua kilichovuta moshi, na silinganishi hivyo. Lakini mtu akiziona tarakimu hizo atauliza kama ilikuwa sheria ya Kenya iliyowapunja. Jibu ni hapana, na hapa naomba msomaji awe makini, maana ndipo watu huchagua vibaya.

Tangu Januari 2009 mahakama za Uingereza zinafuata kanuni inayoitwa Roma ya Pili, na waliibakiza hata baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Kanuni hiyo inasema madai ya madhara huamuliwa kwa sheria ya nchi ambako madhara yalitokea. Si swali la nani alaumiwe tu, hata kiasi cha fidia kinafuata sheria hiyo. Kwa hiyo Mkenya aliyeumia Kenya akifungua kesi London leo, mawakili wa pande zote watamtafuta wakili wa Nairobi aandike ripoti kumweleza jaji sheria ya Kenya inasemaje na majaji wa Kenya hutoa kiasi gani kwa mguu, kwa jicho, kwa mume aliyekufa. Mtu hapeleki kesi London ili apate viwango vya London. Anayemwahidi hivyo anamdanganya.

Kuna tofauti moja inayofaa kujulikana: kwa uharibifu wa mazingira, kanuni hiyo hiyo inampa mdai nafasi ya kuchagua kati ya sheria ya mahali madhara yalipotokea na ya mahali chanzo kilipoanzia. Kama uamuzi wa kumwaga sumu mtoni ulifanyika makao makuu ng'ambo, nafasi hiyo ina thamani na wakili wako anapaswa kuitaja bila kuulizwa.

Basi London inatoa nini, kama sheria ni ile ile? Inatoa vitu vitatu.

Cha kwanza ni makaratasi. Kesi ya Mau Mau ilisimama kwa sababu serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza. Amri ya nani apigwe na kwa kibali cha nani ilikuwa imeandikwa, na iliandikwa kwao. Hakuna mahakama ya Nairobi ambayo ingeweza kuingia ghala hilo.

Cha pili ni ada ya wakili. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinakataza mkataba wa wakili kulipwa kwa kushinda tu. Uingereza inaruhusiwa, na kampuni ya mawakili inaweza kubeba kesi ya wanakijiji 2,000 kwa miaka. Zambia walikuwa na tatizo lile lile. Kwenye kesi ya wanakijiji wa Chingola dhidi ya kampuni ya Vedanta kuhusu maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba wa Nchanga, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema Aprili 2019 kwamba Zambia ndiyo mahali pa asili pa kesi hiyo, lakini wanakijiji wasingepata haki huko kwa kukosa fedha na mawakili wa uzito huo. Kwa hiyo ikabaki London, iamuliwe kwa sheria ya Zambia. Kampuni ilisuluhisha na wadai mwanzoni mwa 2021.

Cha tatu ni aibu. Wizara inayoshtakiwa mbele ya magazeti ya kwao husuluhisha haraka kuliko inayoshtakiwa mbali. Nadhani hiki ndicho kilichozaa zile pauni 20,000 za mwaka 2002, zaidi ya kifungu chochote cha sheria.

Ila mlango wa London umekuwa mwembamba. Kabla ya 2021 jaji wa huko hakuruhusiwa kumfukuza mdai aliyeishtaki kampuni ya Uingereza kwa kusema tu "nenda kwenu". Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya anaruhusiwa tena. Scotland walionyesha mfano Novemba 2023. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, waliodai migongo yao iliharibika kwa kubeba chai, waliishtaki kampuni ya James Finlay iliyoandikishwa Scotland. Mahakama ya rufaa ya huko iliisimamisha kesi, ikisema Kenya ina sheria yake ya mafao ya waliojeruhiwa kazini na waianze kwanza. Kabla ya hapo, wataalamu walioagizwa na mahakama ya Scotland kukagua kazi shambani walizuiwa na amri ya muda ya mahakama ya kazi ya Kenya. Migongo iko Kericho, kesi iko Edinburgh, na mahakama mbili zinazuiana. Watanzania nao: Novemba 2024 jaji wa Ontario, Kanada, alikataa kusikiliza madai ya wakazi wa jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara dhidi ya kampuni ya Barrick, akiona hayakuwa na uhusiano wa kutosha na Ontario.

Na kuna kisu cha muda. Wakenya zaidi ya 40,000 walifuata nyayo za wazee wa Mau Mau katika mahakama ile ile. Mwaka 2018 madai yao yalitupwa, kwa sababu kubwa ya kuchelewa. Mahakama ni moja, historia ni moja, mwisho wake ni tofauti kabisa.

Sheria ya Kenya yenyewe isidharauliwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 22, inaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi, na bila kulipa ada ya kufungua kesi ya haki za binadamu. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuzuia uharibifu wa mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Mdai wa kawaida London hana silaha hiyo. Kwa kuzuia madhara yasiendelee, Kenya ni bora, na kwa mbali. Kwa kufukua siri na kulipia kesi ndefu, London bado iko mbele.

Yakimkuta mtu wetu nje

Hapa sina mengi, kwa sababu kanuni ile ile inageuka upande wa pili. Mfanyakazi wa nyumbani akipigwa Riyadh, sheria ya mahali ni ya Saudi Arabia, na mahakama ya Nairobi haiwezi kumfikia mwajiri. Inayemfikia ni wakala aliyesajiliwa Nairobi, kwa mkataba uliotiwa sahihi Nairobi. Familia isiache kumshtaki huyo huku ikingojea haki ya mbali.

Anayeumia kwenye ndege ya kimataifa ana bahati ambayo wengine hawana: nchi zilishamchagulia kabla. Mkataba wa Montreal wa 1999 unataja mahakama za nchi zinazowezekana, ikiwemo ya nchi anakoishi abiria ikiwa shirika linahudumu huko, na unaweka wajibu wa shirika wazi. Na mtengenezaji wa ndege hushtakiwa nje ya mkataba huo. Ndiyo maana familia nyingi za watu 157 waliokufa kwenye ndege ya Ethiopia iliyoanguka Bishoftu ikielekea Nairobi, tarehe 10 Machi 2019, zilikwenda Chicago, yalikokuwa makao makuu ya Boeing wakati huo. Mwaka 2021 Boeing ilikubali kubeba lawama ya fidia. Ningependa kuona mikataba ya majeshi na ya migodi ikiandikwa kwa uwazi wa namna hiyo, mahakama na sheria zikitajwa kabla ya ajali na si baada ya mazishi.

Kama ni wewe unayechagua leo

Usianze na mji. Anza na mfuko wa makaratasi: namba ya OB (kitabu cha matukio) kutoka kituo cha polisi, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari (Tanzania ni PF3), kadi ya hospitali, picha zenye tarehe, majina na simu za waliokuwepo. Yote haya yanatakiwa Nanyuki na yanatakiwa London, na hayatengenezeki miaka mitano baadaye. OB ikikataliwa kwa sababu mshukiwa ni mgeni, rudi na wakili au na mtu wa shirika la haki za binadamu, na uandike jina la afisa aliyekataa.

Kisha jiulize ushahidi wa kuamua kesi uko wapi. Kama uko kwa mashahidi na kwenye udongo, baki hapa. Kama uko kwenye faili la mtu aliyetoa amri ng'ambo, na mwenye faili yuko huko, tafuta wakili wa huko mapema, na umuulize kwa maandishi atachukua sehemu gani ya fidia na itakuwaje mkishindwa. Ukishinda Kenya bado kuna njia: hukumu ya fidia ya Mahakama Kuu ya Kenya inaweza kuombewa usajili Uingereza chini ya sheria yao ya 1920, ndani ya miezi 12 tangu itolewe.

Na angalia kalenda. Madai ya madhara Kenya ni miaka 3. Ukiishtaki serikali ya Kenya pamoja na wageni wake, ni miezi 12 tu. Ndege ni miaka 2. Kwa kuwa mahakama ya Uingereza kwa kawaida hufuata ukomo wa sheria ya nchi ambako madhara yalitokea, miaka 3 ya Kenya inaweza kukufuata hadi London.